Mstari Usiokuwapo

Kazini walimwita Vidole, na jina hilo alilistahili. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa msahihishaji katika kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu vya wasioona, na nukta nundu iliyokaa vibaya haikuwahi kumpita. Kila asubuhi alikaa meza moja na msomaji wake, mwanamke mwenye macho mazima na ulimi usio na haraka. Huyo alisoma nakala ya wino kwa sauti, akitaja kila mkato na kila kituo, ndipo wakambandika jina la Bibi Mkato. Vidole alifuatisha kwa kidole kwenye karatasi ya nukta. Pakiwa sawa alisema "sawa". Pakiwa na kosa alisema "simama", na mchapaji wa chumba cha pili akajua ana kazi.

Sasa ulikuwa mwezi wa tatu tangu ncha za vidole zianze kufa ganzi. Mwanzoni alidhani ni baridi. Kisha akashika kikombe cha chai, akaja kujua ni ya moto ilipofika mdomoni. Siku hiyo aliogopa hadi akakaa sakafuni. Macho aliyapoteza akiwa na miaka miwili, na hakuyakumbuka kiasi cha kuyalilia. Lakini kusoma alikuhangaikia mwenyewe, nukta kwa nukta, na sasa alikuwa anapofuka mara ya pili huku anajiona.

Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kilio humfichua, ndiyo, lakini nani amewahi kutolewa woga na methali? Zahanati aliikwepa, maana huko wangeupa ugonjwa wake jina. Kanisani aliomba aombewe, akasema ni kichwa. Basi waumini wakafunga siku tatu kwa ajili ya kichwa ambacho hakikuwa na shida yoyote, ukaidi ukiuondoa.

Kazini alijiokoa kwa masikio. Alimsikiliza Bibi Mkato, kidole kikiteleza juu ya karatasi kana kwamba kinasoma, naye akisema sawa, sawa, roho mkononi.

Jumanne moja walikuwa kwenye kamusi ya maneno ya Biblia.

"Therapeuo," Bibi Mkato akasoma. "Neno la Kigiriki, mkato, ambalo Injili hulitumia mara nyingi Yesu anapoponya wagonjwa, kituo. Maana yake ya kwanza ni kumhudumia mtu, mkato, kama mtumishi anavyomhudumia bwana wake, kituo. Katika Matendo ya Mitume, mkato, neno hilohilo linasema kwamba Mungu hahudumiwi kwa mikono ya watu, kituo."

Vidole alisikiliza kuliko kawaida. Uponyaji aliokuwa akiuomba ni ule wa mara moja, unaokwisha kabla mtu hajauliza kitu. Huduma je? Huduma ni ya siku nyingi, na lazima mwenzako ajue unaumwa wapi. Hilo lilimtisha kuliko ganzi yenyewe.

"Sawa," akasema.

Bibi Mkato hakuendelea. "Mdogo wangu, hebu nisomee wewe huo mstari wa mtumishi na bwana wake."

Vidole akapitisha kidole, akausoma wote bila kukwama. Hata mkato aliutaja.

"Umesoma vizuri," Bibi Mkato akasema taratibu. "Ila mstari huo haupo. Mashine imeuruka. Hapo ulipoweka kidole ni karatasi tupu."

Kazi imekwisha, aliwaza, na vitabu vyangu vimekwisha.

"Umejua tangu lini?"

"Wiki ya tano hii. Ukiondoka nazipitia karatasi zako kwa macho. Nukta nimezijua kwa kukaa na wewe. Nilikuwa nangoja uniambie, nikaona utaningojesha mpaka tuzikane."

"Usimwambie mkubwa, dada."

"Nitamwambia tunakwenda zahanati. Chukua mkoba wako."

Tabibu alimtoboa kidole kupima damu, naye hata hakujua kama ameshatobolewa. Sukari ilikuwa juu mno. Tabibu akasema vidole huenda visirudi kama zamani, ila sukari ikishikwa, ganzi haitapanda mbio. "Na kwa kawaida ganzi hii huanzia miguuni. Vua viatu."

"Miguu hainiumi," Vidole akasema.

Alisikia kiatu kikitoka, kisha soksi. Baada ya hapo hakusikia kitu. Watu wawili walikuwa wanautazama mguu wake na hakuna aliyesema neno.

"Kuna nini?"

Bibi Mkato akamsomea, safari hii bila mkato hata mmoja. "Kuna pini imezama chini ya kidole gumba na kidonda pembeni yake ukubwa wa kifungo cha shati na soksi imeganda damu."

"Ina siku kadhaa," tabibu akasema. "Umewahi, mguu tutauokoa. Lakini nyumbani nani atakukagua nyayo? Ni kila siku, maana wewe huoni wala huhisi."

Nyumbani aliishi peke yake. Vidole akafungua mdomo aseme yupo mpwa wake.

"Mimi," Bibi Mkato akasema. "Kila asubuhi kabla ya kazi. Na nikikuta kibaya nitakisema."

Vidole akakunja mikono mapajani. "Naogopa, dada," akasema hatimaye.

"Hata mimi naogopa. Lete mguu wa pili."