Templeti Niliyomwazima

Kwenye steshenari yetu pale Kariakoo, mimi ndiye niliyekuwa na templeti za kila kitu, zile nakala za kompyuta zilizopangwa tayari kujazwa: barua za kazi, mikataba ya pango, kadi za harusi. Nilizitengeneza mwenyewe, staili moja baada ya nyingine, herufi gani, ukubwa gani. Kisha bosi akamleta dada mmoja aliyetoka kwenye ofisi za Posta. Alichapa kwa vidole vyote kumi huku anaongea na mteja, bila kutazama kibodi. Haikupita wiki, wateja wakawa wananipita mimi na kumsubiri yeye. Roho iliniuma, sifichi.

Siku moja akaniomba, "Mdogo wangu, niazime templeti yako ya mikataba." Nikamwekea kwenye flashi. Ila kabla ya kumpa, niliingia kwenye staili ya aya, ule mpangilio mmoja unaotawala maandishi yote, nikaweka tiki kwenye kile kijisanduku kinachoifanya ijibadilishe yenyewe kila unapogusa mstari mmoja. Akiweka kichwa cha habari katikati, mkataba wote unaenda katikati. Akikoleza mstari mmoja, kurasa zote zinakolea. Anarekebisha huku, kunaharibika kule, wateja wamesimama wanasonya.

Bosi aliponiuliza kuna nini, nikajibu kwa sauti ili foleni nzima isikie: "Kuchapa haraka siyo kujua kompyuta."

Aliachishwa kazi Ijumaa ya wiki hiyo. Kabla hajatoka alikuja mezani kwangu, akanirudishia flashi kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema. "Nadhani nimekuharibia templeti yako."

Nikamwambia nimemsamehe.