Mabonge Manane Niliyoyazika

Kilichoninyima usingizi wiki ile, mwanangu, ni harufu ambayo sikuwa na hakika kama ipo. Nimeinusa kweli, au ni woga wangu tu? Nilikuwa nimerudi Shianda na digrii ya kilimo, na kila jambo nililipima mara kumi kabla ya kulifanya, kisha nikalipima tena nikishalifanya.

Siku hizo miwa ilikuwa imefika hadi mlangoni mwa choo. Watu waling'oa migomba na mahindi wapande miwa. Baba alikuwa amebakiza kipande kimoja tu cha malisho, kule chini karibu na kijito, alikofungwa ng'ombe wetu wa mwisho. Nikamwambia ng'ombe huyo anaweza kutulisha, nitatengeneza jibini. Mpishi wa hoteli moja mjini Kakamega alikubali kuonja mabonge manane siku ya Jumamosi.

"Usipompelekea," Baba akasema, "Jumatatu trekta inashuka huko kulima ya miwa."

Jibini yenyewe si kazi ngumu. Unapasha maziwa moto, unayagandisha kwa maji ya ndimu, unayachuja, kisha unayabana ndani ya kalibu, yaani chombo chenye matundu, ili maji yatoke na bonge lishikane. Kalibu za dukani sikuwa nazo. Lakini kila boma lilikuwa na vijerikeni vyeupe vilivyobaki watu walipokwisha kupulizia miwa dawa ya magugu. Waliviosha kwa majivu, wakatekea maji, wengine wakabebea uji wa shambani. Nami nikavikata vinane, nikavitoboa matundu.

Nilijua, mwanangu. Hilo nataka ulisikie kutoka kinywani mwangu. Nilifundishwa kwamba plastiki hunywa dawa na kuitoa polepole, na kwamba chombo cha sumu hakiwi tena cha chakula, hata ukioshe vipi. Niliyaandika hayo kwenye mtihani, nikapita. Nyumbani nikaviosha mara saba, nikajiambia inatosha.

Ijumaa asubuhi nikafunua mabonge. Yalikuwa meupe, yameshikana vizuri. Nikayanusa, nikayageuza, nikayanusa tena. Nikamwita Senje Rispa, dada yake Baba, anuse naye.

"Yananuka maziwa," akasema. "Ulitaka yanuke nini, marashi?"

"Senje, hivi vyombo vilikuwa na dawa."

"Hata mtungi wangu wa maji ni kijerikeni cha dawa! Na si nimezaa mapacha? Wewe umesoma mpaka unaogopa kopo."

Wanawake waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya ua wakaangua kicheko. Nami karibu nicheke. Ingekuwa rahisi sana. Senje akamega kipande, akakipeleka nyuma ya bega lake, kinywani mwa pacha aliyekuwa mgongoni.

Nikampiga mkono.

Kwetu senje hapigwi mkono. Senje ndiye anayekusimamia siku ya harusi yako. Neno lake baya linaogopwa. Kipande kilianguka mavumbini, na ng'ambo ya ua kicheko kikakatika. Lakini mimi, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, sikuwa na la kujiuliza.

Nikachukua jembe, nikachimba nyuma ya choo mpaka kiunoni, nikayazika yote manane. Kisha nikashika panga, nikavikatakata vijerikeni. Vyangu kwanza, halafu vya jikoni kwetu, halafu ule mtungi wa Senje.

Baba akaja mbio. "Kesho utampelekea mpishi nini?"

"Sina cha kumpelekea. Nitaenda kumwambia sina, na nimwambie kwa nini."

"Basi trekta inakuja."

"Ije, Baba."

Jumamosi mpishi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia stoo, akatoka na mikebe ya plastiki iliyokuwa na mafuta ya kupikia. "Hii imebeba chakula tangu ilipotoka kiwandani," akasema. "Niletee Jumamosi ijayo."

Jumatatu nilimfunga ng'ombe katikati ya malisho, nikawasha moto karibu, nikaketi kutoboa mikebe ile kwa spoku ya baiskeli iliyopashwa moto, nikikwangua kila ncha kali. Trekta ikashuka, Baba akiifuata nyuma. Dereva akazima injini.

"Dada, ondoka."

"Wewe nizunguke tu, ulime."

Akamgeukia Baba. "Mzee, mimi niliitwa kulima shamba. Kulima watu sijui."

Baba akamwashiria dereva ageuze. "Wiki moja," akasema, akapanda zake mlimani. Nikaendelea kutoboa.

Senje nilimpelekea kuku kumwomba radhi kwa ule mkono. Kwa ule mtungi sikumwomba, wala sitamwomba.

Basi shika hili, mwanangu. Chombo cha chakula kiwe kilibeba chakula tangu mwanzo. Kisafishe kwa maji moto, kikauke juani, na kitambaa unachochujia ukichemshe. Usipojua kilibeba nini, kiache, hata kama kijiji kizima kinakunywa kwacho. Na ukilijua jambo, usingoje wakubwa wakukubalie ndipo ulitende. Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi wa kuzuia, na uso mgumu wa kuvumilia kuchekwa.