Fundi wa Mtandao Dirishani

Fundi wa mtandao hapa hospitali hufuta vidole kwenye suruali kabla ya kugusa kompyuta, kimoja kimoja, kama anayetaka kupakata mtoto mchanga. Kucha ya dole gumba imepasuka. Huongea na mashine kwa sauti ya chini, na asubuhi ile alikuwa anaigombeza, maana mtandao ulikatika, majibu ya damu ya mwanangu yakakwama maabara na daktari hakutaka kutibu kwa kubahatisha.

"Kuna programu humu ndani inafanya kazi kimyakimya," alinieleza nilipochungulia dirishani kwake. "Kila anwani ya mtandao, ile namba ya kuiunganisha kompyuta, tukiiandika kwa mkono inaifuta. Ina wivu kama mke mkubwa."

"Sasa utafanyaje, kaka?"

"Naiagiza iandike yenyewe. Mkubwa habishiwi, mama, anabembelezwa."

Akaandika mstari, akasubiri, akapuliza kibodi, akaandika tena. Mwanangu alikuwa ananihemea shingoni, moto kama pasi. Mara taa ya kijani ikawaka penye waya, kioo cha kompyuta kikajaa maandishi. Nililiona jina la mwanangu, na mbele yake majibu, mstari mmoja wa maandishi mekundu. Fundi aliusoma midomo ikicheza, kisha midomo ikatulia. Akakigeuza kioo taratibu, kikaelekea ukutani.

"Umerudi mtandao?" nikauliza.

"Bado kidogo, mama," akasema bila kunitazama. "Kaa hapo, mnyonyeshe kwanza."

Akatoka mbio kwenda kumwita daktari. Nikakaa, nikamnyonyesha.