Ubao Uliofungiwa Ofisini

Jumatano, mwisho wa Septemba. Upepo tangu alfajiri, vumbi limeingia hadi kwenye mtungi wa maji.

Leo wamekuja wageni wa ule mradi wa nje ya nchi, wanaosema kila mwananchi ana haki ya kujua mambo ya kijiji chake. Ndio waliotuletea ubao wa matangazo mwaka jana. Nilikuwa nawasubiri, na si kwa wema.

Niandike haki. Ubao ulisimikwa nje, na mtendaji wetu wa kijiji alibandika karatasi kweli. Ila alibandika kwa uji wa unga, kama tunavyofanya sote hapa, na mbuzi wakala uji pamoja na matangazo. Mbuzi ni wa kila mtu, wangu wakiwemo. Mtendaji akaung'oa ubao, akauweka ofisini, akafunga kufuli. Hapo simlaumu sana. Lakini tangazo la mkutano wa kumpa mkulima wa alizeti malisho yetu alilibandika humo humo ndani. Wakaenda wale aliowaambia kwa mdomo. Mimi nilijua siku trekta lilipoanza kulima.

Asubuhi alinipitia nyumbani.

"Shikamoo mama. Leo utasema neno kwa niaba ya wananchi. Kiswahili chako kimenyooka."

"Marahaba. Niseme nini?"

"Kwamba ubao umetusaidia. Basi."

"Nitausema ubao," nikamjibu. Sikudanganya.

Wageni walipoketi nikasimama. Nilijiuliza kama kilichonisimamisha ni uchungu wa haki au ni chuki tu. Mpaka sasa sijapata jibu. Nikasema, "Wageni wetu, ubao upo na ni mzima. Twendeni muuone. Mwenye ufunguo ni huyu hapa."

Mkalimani akatafsiri. Mgeni mmoja, mama mrefu, akauliza ufunguo wa nini. Mtendaji akapapasa mifuko ya suruali, akapapasa ya koti, jasho linamtoka na upepo wote ule. Jirani yangu akapaza sauti kutoka nyuma: "Mheshimiwa, hata matangazo umeyaweka mahabusu?" Watu wakaangua kicheko. Nilimkazia macho mtendaji muda wote. Nilitaka anione.

Ufunguo ulipopatikana tukaingia. Ndani, tangazo la malisho bado lilikuwepo, limegandia kwa uji mkavu. Mgeni akauliza nani aliliona kabla ya mkutano. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Ni mbuzi, mama," mtendaji akamwambia mgeni polepole. "Ni mbuzi."

Nikasema mbele ya wote kwamba la mbuzi ni kweli. Kwa nini nilimsaidia sijui, maana nilikuwa nimemshika pazuri.

Ubao umetolewa nje, umepigiliwa juu mbuzi wasikofika. Ameahidi kuitisha mkutano upya, ila malisho yameshakuwa shamba. Jioni alipita hapa bila kunisalimia. Nimejaribu kuona aibu, haijaja.

Tumekula ugali wa uwele na mlenda, bila maziwa. Ng'ombe bado wako Sepuka kwa kaka yangu, tangu malisho yalipolimwa.