Kidude Kilicholia Langoni kwa Wakwe

Wacha niisimulie mwenyewe, kwa sababu Kimani ameshaisimulia vibaya Kitengela nzima na kila akirudia anaongeza mbuzi mmoja. Walikuwa watatu. Na mimi sikulia, kilicholia ni kile kidude. Aibu niko nayo ya kunitosha mpaka uzeeni, sina haja ya kuongezewa.

Siku hiyo tulikuwa tunapeleka ntheo Kajiado, kwa kina Mwende. Kwetu Wakamba (nasema kwa wale wasiojua) unaweza kumpenda msichana mpaka ukonde, lakini kabla wale mbuzi watatu hawajaingia boma la kwao, huyo si mke wako, ni mtu mnayejuana. Na kufika hapo haikuwa rahisi. Mjomba wake, Mzee Kilonzo, ndiye msemaji wa kwao, na aliposikia umeme wa magari nimesomea masomo ya jioni, aliuliza mbele ya watu kama msichana wao anapewa mtu aliyesomea gizani. Kwa hivyo nilikuwa naenda kuoa na kujitetea kwa safari moja.

Tukapakia mbuzi kwenye pikapu ya rafiki yangu Kimani, pamoja na blanketi mpya ya Susu, nyanya yake Mwende, na baba mdogo Nzioki, msemaji wetu, akakaa mbele katikati yetu na kofia yake ya sherehe. Kimani akasema taa ya nyuma imevunjika na polisi hawatatuacha, tukaingia yadi moja ya magari mabovu kutafuta nyingine. Fundi alikuwa anachinja gari ya Kijapani iliyopinduka (kuchinja ndilo neno lao, na ukiona matumbo yalivyomwagika pale chini utakubali), akainua kitu cheusi, cha mviringo, ukubwa wa kikombe, waya mbili zinaning'inia, upande mmoja matundu matundu, upande mwingine kijishimo kimezibwa kwa mpira.

"Msomi, hii ni nini? Nimeitoa hapa mbele karibu na betri."

Sikuwa na habari. Lakini baba mdogo, yule yule aliyenilipia mtihani na aliyekuwa ameshamtangazia fundi masomo yangu, alikuwa ananiangalia kwa fahari, nikaona haya kusema sijui.

"Hiyo ni amplifaya ya redio."

"Karibu na betri?"

"Wajapani wako na mambo yao."

"Na haya matundu?"

"Ya kupumua. Inashika joto sana."

Fundi akanitazama, akatazama kidude, akamuuzia Kimani taa, na mimi akaniambia basi niende na kidude nikahakikishe. Kama ningeitupa chini ya kiti, leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini mimi nikaunganisha zile waya kwenye tundu la kuwashia sigara ili nione kama kako hai, na kweli, kataa kadogo kekundu kakaanza kukonyeza, kakakonyeza Isinya, kakakonyeza mpaka Kajiado, na mimi nikajisifu njia nzima. "Umeona, baba? Imeamka." Sikujua kwamba ndani kulikuwa na betri yake ndogo iliyokuwa imekufa njaa, na mimi ndiye nilikuwa naishibisha.

Tulipofika, wanawake wa kwao walikuwa wamefunga lango wakituimbia, ati ni wageni gani hawa wanatembea kama kobe, na hiyo ni kawaida, lazima usimangwe kidogo kabla ya kufunguliwa. Mzee Kilonzo akatoka kukagua mbuzi. Kimani akafungua nyuma. Mzee akawashika masikio, akawatazama meno, akatikisa kichwa kwa kuridhika, moyo wangu ukatulia, halafu alipopita kwenye dirisha la mbele akaona kale kataa.

"Na hiyo inayowakawaka ni nini?"

"Ni kifaa cha elektroniki, mzee. Nimekitambua mwenyewe."

"Lete nione."

Nikachomoa waya.

Sitaki kutia chumvi, lakini Namanga walisikia. Punda wakajibu. Mzee Kilonzo alikuwa huku na fimbo yake iko kule. Kidude kikawa kimejitambulisha chenyewe bila msaada wangu: ni king'ora cha gari, ile aina ambayo mwizi akikata umeme kinaendelea kupiga kelele kwa betri yake ya ndani, na kale kashimo ka mpira ndiko ka ufunguo wa kukizima, ufunguo ambao labda ulikuwa bado Japani. Mbuzi waliruka kutoka kwenye pikapu kama wanarushwa, wakashika uwanda. Majirani wakatokea na rungu.

"Mwizi ako wapi?"

Wote wakanitazama, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nakimbia.

"Ni huyo," Kimani akasema, "lakini ni bwana harusi."

Nikakikalia, kikalia. Nikakifunga na kitu cha kwanza nilichoshika, na ilikuwa blanketi ya Susu, kikalia kama mtu mwenye mafua. Mwishowe nikakitumbukiza kwenye pipa la maji langoni, na blanketi yake, kikagugumia huko chini, kikatoa mapovu, kikanyamaza. Baba mdogo alikuwa bado kwenye kiti, ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mbuzi wako wapi?" Mzee Kilonzo akauliza, polepole, na mimi ningependelea aniulize kwa matusi. "Jua likizama kabla hawajaingia hapa, mtarudi nyumbani. Na siku ya kurudi hapa tutaifikiria."

Tukakimbia, mimi na suti na viatu vya kuazima. Mbuzi walikuwa hawanijui, nilikuwa nimewanunua juzi tu, nikiita wanaongeza mwendo. Nilikuwa nimeinama kwenye miiba nikitafuta pumzi nilipomwona Mwende, ambaye kwa desturi anapaswa kufichwa chumbani mpaka aitwe, anatoka uani miguu mitupu na beseni la mahindi, analitikisa, na wale washenzi watatu wanageuka na kumfuata kama watoto wa shule. Akawafikisha langoni kabla yangu.

Nikajua tumepona. Kumbe ndiyo kesi inaanza.

"Mbuzi wa ntheo wameletwa na msichana mwenyewe," Mzee Kilonzo akasema. "Sasa amejioa?"

Baba mdogo akashuka, hatimaye. "Amewaokota tu, ndugu yangu. Mbuzi ni wetu."

"Aliyeokota ni wa kwetu. Nyinyi mko na nini mkononi? Blanketi mbichi?"

Wakabishana mpaka jua likaanza kuwa jekundu. Mwende amesimama ameshika kamba za mbuzi, mimi nimesimama na kiatu kimoja, hatutazamani. Ndipo Susu akatoka na mkongojo, akaomba kuelezwa, akaelezwa na watu wanne kwa pamoja.

"Kilonzo," akasema, "msichana ametoka mbio bila viatu kuwarudisha mbuzi wa kumtoa nyumbani, na wewe bado unauliza kama anataka kwenda. Warudishwe barabarani. Huyu kijana awalete kwa miguu yake, tuone."

Nikawapeleka mpaka lami, nikawarudisha. Mmoja akakataa kutembea nikambeba mabegani, akanifanyia suti mambo ambayo sitayaandika, na wanawake walikuwa wameshatunga wimbo mpya wenye king'ora ndani yake, wanauimba kwa sauti zote. Mzee Kilonzo akawapokea mmoja mmoja kwa sikio. Yule wa tatu alipovuka lango, jua lilikuwa limebaki kama ukucha, na Mwende akaniangalia, akacheka mpaka akakaa chini.

Niko naye mpaka leo. Nikienda kwa wakwe, Mzee Kilonzo hunisalimia vizuri sana langoni, halafu ananipapasa mifuko. Simkatazi. Nimeapa sitawahi tena kwenda kwa mkwe na kitu chochote chenye waya, na kitu nisichokijua nitasema sikijui, mapema, kabla hakijasema chenyewe.