Mnavu wa Bombambili

Juzi, sokoni Songea, niliona mafungu ya mnavu yamepangwa kando ya matembele, na wanawake wakiyagombea kwa sababu yanaongeza damu. Nikakumbuka mchana mmoja nyumbani kwetu Bombambili, wakati baba alikuwa amepunguzwa kazi na nyumba nzima imekuwa kimya.

Mama aliingia kwenye mahindi nyuma ya nyumba, akarudi na kanga iliyojaa majani ya gugu ambalo mimi nilikuwa naling'oa kila siku. Mwenzangu wa shuleni alishaniambia kuwa ni sumu. Mama aliyachemsha, akamwaga maji yake machungu, akayaunga kwa karanga. Harufu ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilidhani mama amechoka na maisha na ameamua tufe wote.

Baba alipomega tonge nilimshika mkono. "Baba, usile. Hilo ni gugu la sumu."

Mama aliinamisha uso. Baba alimtazama kwa muda mrefu, kisha akachovya tonge akala, akamega jingine. Alipomaliza akajilaza mkekani.

Mimi sikugusa chakula. Nilikaa karibu naye nikisikiliza pumzi zake, na zilipoacha kusikika nikaweka kiganja puani mwake.

Akafumbua jicho moja. "Bado nipo, mwanangu. Nenda ukale, mboga isije ikaisha."

Nyuma yangu nilimsikia mama akicheka, kwa mara ya kwanza tangu baba aache kwenda kazini.