Mume wa Daktari Alipotaka Kutoroka

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hucheka peke yangu hapa barazani Kibokoni, hadi wajukuu huitana waje waone babu ana nini. Ni siku ambayo mke wangu alinikamata nikimtoroka. Nasikia mkeo amehitimu udaktari na amepangiwa kazi mashambani, nawe wazunguka Tudor nzima umenuna. Basi kaa kitako nikwambie.

Nilikuwa kijana, fundi cherehani, na kanzu zangu zilijulikana Mji wa Kale wote. Mke wangu, Mwanaisha, ndiyo kwanza awe daktari, akapelekwa kijiji kimoja huko nyuma ya Kinango. Aliponiuliza, "Utanifuata?" nilimjibu, "Uliko ndiko niliko." Maneno matamu, mwanangu, lakini niliyasema nimeshiba biriani. Moyoni nilikuwa nalia.

Tulipofika, watu walikuwa wamejikusanya kumlaki daktari. Wakamwona mwanamke mdogo mwenye buibui, wakaniona mimi, pande la mtu na miwani usoni, wakanizunguka mimi. Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja alishanigeuzia mgongo, akapandisha shuka na kunionyesha jipu mahali ambapo mgeni haonyeshwi.

"Daktari ni huyu," nikasema, nikimwelekeza kwa mke wangu.

Masikini, shuka ilishuka kama pazia lililokatika kamba! Tangu hapo nikapoteza jina. Dukani, msikitini, kisimani, nilikuwa Mume wa Daktari.

Mwanaisha akitoka asubuhi na kurudi jioni yu hoi. Mimi nilikaa na cherehani changu, sina mteja; kanzu ya tarizi nani aivae kondeni? Nilikosa kahawa chungu, nilikosa soga, nikakonda. Kila jioni aliniuliza, "Umezoea, mume wangu?" Nami, "Alhamdulillah." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha nikiwa nimeoa tabibu!

Si kwamba nilinyamaza, la. Nilimwambia mwenye duka. Nilimwambia kinyozi. Nilimwambia hata mbuzi wa jirani, maana yeye alikuwa na nafasi ya kunisikiliza. Mwisho nikamnong'oneza Mama Kadzo, muuza mihogo, kwamba kesho yake asubuhi napanda basi narudi Mombasa.

Kumbe asubuhi hiyo hiyo Mama Kadzo alikuwa anakwenda kupimwa presha. Akaingia akasema, "Daktari, nipime upesi. Mumeo anatoroka."

Nimeketi kituoni juu ya begi, mara namwona mke wangu anakuja mbio, koti jeupe lapepea, na nyuma yake foleni nzima ya wagonjwa, hawataki kupitwa.

"Waenda wapi?"

"Kununua uzi."

"Na cherehani wakibebea nini? Kikachague rangi?"

Watu walicheka, hata kondakta. Mwanaisha hakucheka. Aliketi kando yangu akasema polepole, "Kila jioni nakuuliza. Mtu asiponiambia panapomuuma, nitamtibu nini?"

Hapo nikabubujika. Nikamwambia, "Hapa sina kazi, sina rafiki, sina hata jina. Kazi yangu ni kukungoja wewe, na ukija walala." Akanishika mkono. "Nami naogopa," akasema. "Kila siku naogopa nitakosea. Nilikuona umetulia, nikajikaza nisikutie wasiwasi."

Basi likaondoka bila mimi. Mama Kadzo akakohoa: "Ikiwa mmepatana, turudi. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kwenye foleni."

Tukakubaliana kila mwezi tushuke Mombasa tukaone watu wetu, na chakula cha jioni tule pamoja hata kikiwa uji. Nikaanza kushona sare za skuli, wakaanza kuniita Fundi. Sikwambii kijiji kiligeuka pepo. Lile vumbi nalichukia mpaka leo. Lakini muda wa Mwanaisha ulipokwisha tulirudi pamoja, tukizungumza njia nzima.

Basi mwanangu, kabla hamjafunga mizigo, ketini. Mwambie mkeo yeye, si kinyozi, kile unachokiogopa. Ikiwa huwezi kwenda, sema huwezi, mtafute njia. Kusema si kumkosea. Na ukenda, nenda na shughuli yako mwenyewe, kwani mtu hawezi kuishi ndani ya kazi ya mwenziwe. Kisha nawe muulize yeye hali yake, wala usitosheke na jibu la kwanza. Anayepoza wengine mchana kutwa naye hutaka wa kumpoza.

Haya, inuka ukaseme naye. Mola awape nyumba isiyokaukiwa na mazungumzo, awape majirani wema kokote mtakakotua, na awazeeshe pamoja mkichekana. Amin.